Mume wa Nyumba ya Kumi

Mshauri wetu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kochi la mteja ambalo lilitakiwa liwe limeshapelekwa juzi, na naomba unisaidie mapema kidogo maana jambo langu lina tarehe. Mimi ni fundi makochi, mke wangu ni mwalimu wa sekondari, watoto wetu wawili wako shule ya bweni, na ndoa yetu ina miaka kumi na saba ya amani, amani kabisa, hatugombani, hatununiani, na kwa kuwa mficha uchi hazai acha niseme kwamba hatuongei sana pia, mimi narudi nimechoka, yeye ana madaftari ya kusahihisha, televisheni inaongea kwa niaba ya wote.

Sasa mke wangu anasomea shahada ya uzamivu, mwaka wa tano huu, anafundisha mchana anaandika alfajiri, na utafiti wake unahusu lugha ya mume na mke wakiwa mezani, nani huanzisha mazungumzo, nani humkatiza mwenzake, nani hujibu "mm" halafu basi. Alihitaji nyumba kumi za kuweka kinasa sauti mezani wakati wa chakula cha jioni, wiki mbili kila nyumba. Tisa akazipata, ya kumi ikamponyoka dakika za mwisho kwa sababu mwenye nyumba alisema hawezi kutafuna huku anapelelezwa, ndipo akamwomba msimamizi wake aitumie nyumba yetu, msimamizi akakubali mradi jambo hilo liandikwe wazi kwenye tasnifu, nami nikasaini fomu ya ridhaa kama mshiriki mwingine yeyote, na humo imeandikwa kwamba naweza kujitoa wakati wowote kabla kazi haijakabidhiwa bila kutoa sababu. Nikawa Mume wa Nyumba ya Kumi.

Hapo ndipo nilipoharibu. Niliambiwa niishi kama kawaida, nikajiuliza kawaida ipi, hii yetu ya "chumvi iko wapi"? Maprofesa waje wasikilize wiki mbili za vijiko na sahani? Sikutaka mke wangu aaibike. Kwa hiyo siku ya kwanza nilioga mapema, nikavaa shati lililopigwa pasi, nikakaa, kinasa sauti kiko katikati ya meza kama mgeni wa heshima, nikamuuliza kazi imekwendaje leo. Akaniangalia. Nadhani alikuwa anasubiri nimalizie kwa kuomba kitu. Halafu akaanza kunisimulia habari za mwanafunzi wake aliyeandika insha ya kurasa nane kuhusu marehemu babu yake, insha ikaliza walimu watatu, na siku ya kikao cha wazazi aliyekuja kumwakilisha ni babu mwenyewe, nikacheka mpaka nikaweka kijiko chini.

Kesho yake nikajiandaa zaidi. Nikawa naandika maswali kwa chaki kazini, kwenye mbao za ndani za makochi kabla sijazifunika, muulize mkuu wa shule amesemaje, muulize yule mwenzake aliyehamishwa ameshapata nyumba, na kwa haraka nyingine nilifunika bila kufuta, kwa hiyo kuna watu mjini humu wanayakalia maswali yangu mpaka leo. Nikawa nakusanya vituko vya wateja ili nisiende nyumbani mikono mitupu. Nikajifunza kusema "Endelea, nakusikiliza" kwa sauti nzito ya msoma taarifa. Dada yangu alikuja kutusalimia siku moja, akaniona namsikiliza mke wangu mpaka mwisho wa sentensi, akanivuta jikoni kuniuliza nimepimwa nikakutwa na nini.

Wiki mbili zikaisha, mke wangu akasema data yetu ni nzuri sana, tuongeze kidogo, tukaongeza mpaka zikafika wiki saba. Zilikuwa wiki nzuri, mshauri, sijapata kuwa na wiki kama zile. Nilimjua mke wangu upya. Nilijua kwamba anaweza kusimama mbele ya wanafunzi hamsini na tano bila wasiwasi lakini mbele ya wasomi wenzake watatu anasoma karatasi yake bila kuinua macho. Siku moja alisema kwamba mwaka juzi nusura aache masomo, barua ya kujitoa alishaiandika, na hakumwambia mtu. Mwaka juzi mimi nilikuwa hapo hapo mezani, upande wa pili wa chumvi. Nikaona hapo pazito, sikuwa na swali la kufaa, nikarukia lililokuwa limeandikwa kwenye mbao, nadhani lilihusu ratiba ya mitihani.

Kisha kinasa sauti kikaondoka. Jioni ile nilikuja na kisa kizuri cha mteja wangu, mama mmoja aliyewalaumu wakwe zake miaka minne kwa pete iliyopotea, nami nimeitoa ndani ya kochi lake mwenyewe. Nikakaa, nikaona meza tupu pale katikati, nikahisi haya kama mtu anayetaka kuhutubia ukumbi ambao watu wameshaondoka. Nikameza kisa changu pamoja na chakula. Mke wangu akauliza, "Leo hakuna habari kazini?" Nikasema hakuna. Akasema, "Haya." Akavuta madaftari yake, nami nikawasha televisheni, na mpaka leo, mwezi wa nne huu, ndivyo tunavyoishi, maana najua alikuwa anazungumza nami kwa ajili ya utafiti na utafiti umekwisha.

Wiki iliyopita alinituma duka la kuchapisha nikamchukulie nakala ya tasnifu, ya kupitia kwa mara ya mwisho kabla ya kuikabidhi. Nilipewa nakala, foleni ya kulipia ikawa ndefu, nikakaa kwenye benchi nikafungua. Mshauri, kuna jedwali la mara ngapi kila mume amemkatiza mke wake. Nyumba ya Tatu arobaini na mbili. Nyumba ya Saba sitini na moja. Mume wa Nyumba ya Kumi mara mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa chafya. Amepima hata muda niliokaa kimya, kwa sekunde. Sura nzima inamhusu yule mume, ameandika kwamba ni "mfano wa nadra wa mazungumzo ya usawa, ambapo mume huuliza kwa nia ya kujua". Nilitamani benchi linimeze.

Anakabidhi wiki mbili zijazo. Nikinyamaza, miaka mitano ya mke wangu inasimama juu ya uongo wangu. Nikisema, atajua yule mume alikuwa maigizo na aliyebaki ni huyu wa televisheni. Nimefikiria kutumia kile kipengele cha fomu nijitoe kimya kimya, bila sababu, aondoe tu nyumba yetu, abaki na tisa. Na nikwambie la aibu zaidi, mshauri, yule mume ninamwonea wivu. Nifanyeje?

Ni mimi,
Fundi asiyelala

*

Bwana fundi,

Pole. Nimeitanguliza pole ili usije ukasema sikukupa, maana sina uhakika kama itapatikana nyingine huko mbele.

Kwanza nieleze jambo moja. Kinasa sauti hunasa sauti. Shati ulimpigia nani pasi? Hilo swali usinijibu mimi, kaa nalo ukiwa unapigilia misumari.

Tuanze na tasnifu kwa kuwa ndiyo yenye tarehe. Unajiona umeidanganya elimu ya dunia nzima, na nilipomsomea barua yako jirani yangu, mwalimu mstaafu aliyesimamia watafiti zaidi ya miaka ishirini, alicheka akaomba maji. Anasema hakuna mtu anayewekewa kinasa sauti mezani akabaki vile vile siku ya kwanza. Hata huyo wa Nyumba ya Saba mwenye sitini na moja pengine alikuwa anajizuia, Mungu amsaidie mkewe. Watafiti wanalijua hilo, na tasnifu ina mahali pa kuliandika, panaitwa mapungufu ya utafiti. Lakini mtu haandiki asichoambiwa. Mke wako anaweza kuwa ameshahisi, kwa miaka kumi na saba ameujua ukimya wako kuliko wewe mwenyewe, ila hisia haziwekwi kwenye jedwali. Anahitaji kusikia kutoka kinywani mwako kwamba maswali yalitoka kwenye mbao za makochi. Baada ya hapo, kama Nyumba ya Kumi itabaki na maelezo au itaondolewa, ni uamuzi wake na msimamizi wake. Wewe ni mshiriki, si mtahini.

Na ile habari ya kujitoa kimya kimya uifute leo. Fomu inakuruhusu kuondoka bila kutoa sababu, lakini mwenye fomu unalala naye chumba kimoja. Unataka apoteze sura nzima wiki mbili kabla ya kukabidhi, kisha akae mezani na wewe akijiuliza alikukosea nini? Maji umeshayavulia nguo, yaoge.

Sasa tuje kwenye ndoa, na hapa nitakusema. Umeandika kwamba mke wako alizungumza nawe kwa ajili ya utafiti. Bwana fundi, barua yako umeisoma kabla ya kuituma? Nyumba tisa zilikaa wiki mbili, zikatosha. Nyumba yenu imekaa saba. Sisemi naujua moyo wa mkeo, sijakutana naye, lakini hata mimi nisiye na shahada naweza kuona kwamba tano zilizozidi hazikudaiwa na profesa yeyote. Kisha siku kinasa sauti kilipoondoka, ni nani aliyefungua mdomo kwanza? Hakuna kinasa sauti, hakuna msimamizi, hakuna jedwali, mwanamke wa watu anauliza kama leo hakuna habari kazini, na wewe unayo habari ya pete ya miaka minne umeikalia, unamjibu hakuna. Yeye akasema haya. Alitaka aseme nini tena, fundi, akusainishe fomu nyingine?

Unasema yalikuwa maigizo. Shati lilikuwa maigizo, sauti ya msoma taarifa ilikuwa maigizo, na nashukuru dada yako aliliona hilo mapema. Lakini kwa wiki saba ulimuuliza mkeo swali, ukasikiliza jibu, kesho yake ukakumbuka la jana ukauliza lililofuata. Watu wengi wanaoniandikia humu wangeuza makochi yao wapate maigizo ya namna hiyo. Ulianza kwa kutaka asiaibike, ukaishia kutaka kujua, na mahali fulani katikati uliacha kujifanya bila wewe mwenyewe kuambiwa. Huna haja ya kumwonea wivu yule mume. Unamdai arudi kazini tu.

Hata hivyo usianze kujipongeza. Lipo jambo moja katika barua yako lililonikosesha raha kuliko chafya na jedwali. Mwenzako alikwambia mwaka juzi alishaandika barua ya kuacha masomo, hakumwambia mtu, na ninavyoelewa wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa. Alisema hivyo mbele ya kinasa sauti, akijua kwamba atakuja kukaa asikilize sauti yake mwenyewe ikisema, aiandike neno kwa neno, apime kwa sekunde muda uliopita kabla hujajibu. Na jibu lako lilikuwa ratiba ya mitihani.

Kwa hiyo fanya hivi. Peleka kochi la watu, limechelewa. Rudi nyumbani leo na vumbi lako la sponji, bila kubadili shati. Zima televisheni wewe mwenyewe, na umwambie yote, maswali ya chaki, vituko vya kuokoteza, benchi la duka la kuchapisha, yote kabla chakula hakijaisha, maana ukisema utasema kesho najua kesho utasema nini. Akikasirika, ana haki, ni miaka yake mitano. Usijitetee na usimkatize.

Akishamaliza, muulize kwa nini mwaka juzi alitaka kuacha. Usiandae swali la pili. Kaa hapo mpaka amalize kujibu, hata chakula kikipoa.