Gédéon, nani alikulipia chuo?

Mwaka mzima umekatika, Gédéon, tangu homa ilipokutoa mikononi mwetu hapa Kabondo. Tumelia, tumenyamaza, tumelia tena. Lakini unatujua: nyumba hii haiwezi kulala na swali. Na wewe ulituachia swali kubwa. Nani alikuwa anakulipia chuo?

Papa anatengeneza baiskeli, Mama anauza kwanga, ile mikate ya mihogo. Chakula kilipatikana, ada haikupatikana. Ulipomaliza sekondari, Papa alikuambia wazi, "Mwanangu, nguvu yangu inaishia hapa." Hukubishana. Ulitabasamu, ukaenda kujiandikisha masomo ya kilimo, na mwaka baada ya mwaka ada ikawa inalipwa. Tukikuuliza, unajibu, "Mungu iko." Ah, Gédéon! Mungu yupo, lakini hatujawahi kumwona kwenye foleni ya benki.

Basi tukajitungia majibu. Ulikuwa unatoka alfajiri, unarudi umeshiba, shati linanuka majani mabichi ya mihogo. Dada yako Claudine akaapa kwamba kuna mjane tajiri anayekupikia pondu, kisamvu chetu. "Alors, huyo mama tutamuona siku gani?" Papa alikuwa anakuuliza mezani, nawe unacheka mpaka maji yanakupalia. Mama yeye alimshuku Papa Rashidi, mwenye duka la dawa, kwa sababu tu alikuwa anakusalimia kwa jina. Akampelekea bata mzima.

"Merci mama, lakini hii bata ni ya nini?"

"Papa Rashidi, sisi tunajua. Tunajua tu."

Mzee wa watu akala bata wake, na hadi leo hajui alishukuriwa kwa lipi.

Ulipomaliza chuo na kupata kazi, ulimwambia mdogo wako Benie kwamba zamu yake imefika, na mlipaji ni wewe. Miezi michache baadaye tukakuzika. Benie alikulilia wewe, akalilia na masomo yake. Hata kwenye matanga alikuwa anatuuliza kwa hasira, "Kaka yangu, yaya Gédéon, alifanya namna gani? Hakuna mutu hapa anajua?"

Kumbe aliyejua alikuwa njiani, na sufuria la pondu kichwani. Mama Berthe, muuzaji wa soko la Tshopo, hatukuwa tunamfahamu, lakini alilia kuwashinda shangazi zako wote. Minong'ono ikaanza: ndiye huyo! Mama akamshika mkono. "Dada, aksanti kwa kumulipia mutoto."

Mama Berthe akamkodolea macho. "Kumulipia nini? Ni yeye alikuwa ananitwangia! Pondu yote ya wateja wangu, na ya wale wa vibanda vya chakula, kila asubuhi mbele ya masomo. Mimi nilikuwa nalipa kazi yake, basi. Na sahani moja ya chakula."

Wewe, mwanaume, kwenye kinu! Kwetu Isangi, tulikotoka, hiyo ni kazi ya wanawake tangu zamani, na ulijua maneno ambayo ungeambiwa. Ndiyo maana ulikuwa unatwangia nyuma ya ua wake. Alitusimulia kwamba ulikuwa unarudia masomo kwa sauti, na wanunuzi wakipita wanakuuliza, "Na leo, mihogo inaugua nini?" Nawe unawaeleza bila kusimamisha mchi. Laiti tungekusikia hata asubuhi moja.

Benie hakungoja. Matanga yalipoisha tu, alikwenda kumwomba Mama Berthe nafasi yako. Sasa yuko mwaka wa kwanza, anasomea uuguzi. Analalamika mabega kutwa nzima, lakini ole wake anayemwambia apumzike. "Mikono inauma," anasema, "lakini hii masomo ni yangu. Hakuna atakayenifukuza."

Kuna kitu kinatuuma, acha tukuambie. Uliogopa kwamba tutakucheka. Ni kweli, Papa angekucheka sana siku ya kwanza. Siku ya pili angekuja kutwanga na wewe. Tunajua, kwa sababu sasa kila asubuhi, kabla ya kugusa baiskeli ya mtu, Papa yuko sokoni na Benie, mchirizi wa jasho usoni, wanatwanga kinu kimoja kwa kupokezana.

Wanaokukumbuka: Papa Hubert na Mama Chantal, wazazi wako, Claudine na Benie, dada zako, na Mama Berthe, ambaye siku hizi ni mtu wa nyumbani.

Gédéon, maadamu tunapumua, hatutakusahau.