Pampu ya Mama Mkwe

Bariadi,
21 Julai 1996

Mama yangu mpendwa,

Mwangaluka, mayu. Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu umepungua maumivu tangu uanze kuukanda kwa maji ya chumvi. Baba anaendeleaje na kikohozi? Na ng'ombe mnawanywesha wapi sasa, au bado mnawaswaga mbali? Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Nkinda ameota meno mawili na anatung'ata wote bila ubaguzi. Jenipha alishikwa na malaria wiki hii, ila sasa anakula, na leo amenigombeza tangu asubuhi, kwa hiyo amepona.

Mama, vaa miwani yako ukae chini. Barua hii ni ndefu na nimeiandika kwa makusudi, kabla Felisita hajarudi huko Mwamapalala na kapu lake la nyanya na maneno yake ya sokoni. Nataka uanze kusikia kwangu. Ukianza kusikia kwake, mimi nitabaki kujitetea, na unajua mwanao kujitetea hawezi, huishia kufoka.

Unalikumbuka lile gari la mama mkwe, ile pick-up kuukuu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ndiyo inayobeba samaki wake kutoka Lamadi. Siku hizi biashara ni huria, kila mwenye nguvu anajichotea. Malori yenye barafu yanatoka Mwanza yanakuja hadi mwaloni, mitumbwi inapotua, na kuzoa sangara wote, wanawake wenye beseni wanabaki wanatazamana. Basi hapa Bariadi kimefunguliwa kinu cha pamba cha mtu binafsi, kina vibarua wengi, na wanataka samaki msimu mzima. Mama mkwe akaenda kuomba tenda mwenyewe. Bwana stoo wa pale akamwambia alete samaki Jumatano kabla ya chakula cha mchana, na gari alione kwa macho yake, kwa sababu kuna kijana mwenye pick-up iliyotoka Dubai naye anaitaka hiyo kazi. Tenda ikimpita, ilikuwa ndiyo basi. Angeuza gari kama chuma chakavu na kukaa nyumbani angoje kulishwa na watoto. Na yule mama, wewe mwenyewe unamjua, si wa kulishwa.

Gari lenyewe lilikuwa hoi. Kikono kinachoshika alteneta ya kuchaji betri kilikuwa kimechomelewa mpaka hakuna tena chuma cha kuchomelea, na zile fenibelti mbili za zamani madukani hazipo, au zipo feki, unafunga leo na kesho imekatika. Mimi nikaapa gari litatembea. Nikakumbuka kuna gari la mradi lililopinduka kule Bukundi, la kampuni ile ile, injini za ukoo mmoja ila lile ni la kisasa. Lenyewe halina fenibelti mbili. Lina mkanda mmoja tu, mrefu, bapa, una mifereji upande mmoja, unazunguka kutoka puli hadi puli kama nyoka anayepita kati ya mawe, na kuna kikono chenye springi kinaukaza muda wote. Nikaenda na baiskeli, nikapatana na mwenye mabaki, nikafungua mbele yote ya injini ile: puli, alteneta, vikono, kikaza mkanda, hata pampu ya maji ya kupoza injini na feni yake. Nikatia kwenye gunia, nikapanda lori hadi Lamadi. Wenzangu wa gereji walinicheka, wakasema nataka kumvalisha bibi kizee gauni la arusi. Niliwaambia watamwona akicheza.

Sasa Mama, hapa ndipo pa kusoma taratibu. Kazi niliifanyia uani kwa mama mkwe. Umenilea mwenyewe, unajua ulivyonifundisha. Miaka minne tangu nimwoe Jenipha sikuwahi kumtazama mama yake usoni. Akitokea njiani, mimi napita porini. Akiwa jikoni, mimi niko mbele ya nyumba. Neno langu linapitia kwa Jenipha, na lake linarudi kupitia kwa Jenipha. Hata spana ikianguka karibu yake siiokoti mpaka aondoke.

Wakati wa kufunga nikakuta pampu ya maji iliyokuwa kwenye gari ni mpya kabisa. Jenipha akaniambia mama yake aliinunua Mwanza hivi karibuni, na aliitafuta kwa shida. Mama, ningeanzaje kuitupa? Mkwe mzima nichukue kitu alichonunua mama mkwe, nikiweke chini kama takataka, mahali pake nifunge pampu ya gari lililopinduka? Nikaona ni dharau. Nikaiacha palepale pamoja na feni yake ya zamani, nikatoboa puli mpya ikakaa juu yake, na pampu ile nyingine na feni yake nikavirudisha kwenye gunia nyuma ya gari. Nilipowasha, injini ilivuma vizuri, taa ya chaji ikazimika, mkanda haukulia hata kidogo. Jenipha akapiga vigelegele. Mama mkwe alipita mbele ya gari, akasimama kidogo, akaenda zake bila neno. Nilidhani amefurahi.

Jumatano ikafika, na Jenipha ameamka anatetemeka kwa homa. Ndiye aliyekuwa akae katikati yetu. Tukamwacha na mtoto kwa dada yake. Mama mkwe alikunja kitenge chake, akapanda nyuma kwenye makasha ya samaki, juani, vumbi lote lake. Mimi nikaendesha peke yangu na kiti kitupu kando. Niliona aibu, nakuambia ukweli, lakini niliona ndiyo heshima.

Tulipoanza kupanda kile kilima kabla ya Dutwa, na mzigo ule, mshale wa joto ukapanda, ukapanda, mvuke ukatoka chini ya boneti. Nikasimamisha. Mama, nilikasirika! Nilishapata picha ya wale wa gereji wanavyocheka, na yule kijana wa Dubai anavyoshusha samaki wake. Fundi mzima nikasahau kitu ambacho hata mtoto wa gereji anakijua. Nikavua shati, nikalikunja mkononi, nikaenda kufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa inatokota.

Mama mkwe aliruka kutoka kule juu. Sikumwona anavyoshuka, nilisikia tu mikono imenikamata kiunoni inanivuta nyuma. Kifuniko kilikuwa kimeshalegea. Maji yakaruka, na yangenikuta usoni, macho yote mawili. Yakamwagikia mkono wake wa kulia kuanzia kwenye kiwiko. Tukaanguka wote wawili chini, mimi juu ya mapaja yake, barabarani, mchana kweupe. Wanawake waliokuwa wanarudi kisimani wakaweka ndoo zao chini na kushika midomo.

Nilitaka kukimbia. Kweli kabisa, nilitaka kukimbilia porini. Lakini yeye alikwisha kufungua kasha, akatumbukiza mkono wake kwenye barafu ya samaki, akaanza kunisema. Hilo ndilo neno la kwanza kuniambia tangu nioe. Alisema yeye aliona kosa siku ile ile ya kuwasha. Zamani akisimama mbele ya gari, feni ilikuwa inavuta kitenge chake kikaganda kwenye wavu. Siku ile feni ilimpulizia upepo tumboni. Alijua kuna kitu kinazunguka kinyume. Akajiuliza, mama mkwe ataanzaje kumkosoa mkwewe akiwa kazini? Alitaka kumtuma Jenipha, akaona hata kwa Jenipha ni aibu. Akanyamaza. Akasema hajawahi kujuta kunyamaza kama leo.

Nikaelewa palepale. Ule mkanda mpya unapita kwenye pampu kwa mgongo wake, kwa hiyo unaizungusha upande mwingine. Pampu ya lile gari la Bukundi ilitengenezwa kwa mzunguko huo. Ile ya Mwanza, pamoja na upya wake wote, ilikuwa inazunguka kinyumenyume, haisukumi maji ipasavyo, na feni inapigana na upepo wa barabarani. Nikamwambia. Nilimwambia yeye, Mama, uso kwa uso. Na nikamwambia pampu inayotakiwa ni ile aliyokuwa ameiegemea kwenye gunia njia nzima.

Alisema basi nifanye kazi, na yeye afanye yake. Akajifunga mkono kwa kipande cha khanga kilicholowa barafu, akasimama katikati ya barabara na kulizuia lori tupu lililokuwa linakwenda Bariadi kupakia pamba. Dereva wake, Constantine, alitaka kugoma kwa ajili ya harufu. Alipouona ule mkono akashuka mwenyewe kupakia makasha. Mama mkwe akaondoka na samaki, mimi nikabaki na gari. Injini ilipopoa nikafungua kila kitu, nikafunga pampu na feni za kwenye gunia. Gasketi ya kuzuia maji yasivuje nilikata kwenye boksi la sabuni, nikaipaka grisi. Wale wanawake wa kisimani walinipa maji yao yote, wakaenda kuteka mengine. Sikupumzika, nilikuwa naongea na zile nati kama mwendawazimu.

Kule kinuni bwana stoo aliwakagua samaki akawaona wabichi, ila akauliza gari liko wapi. Mama mkwe akajibu linakuja, mkwe wake analileta. Akaambiwa likikosekana mpaka kufunga ofisi, kazi anapewa yule kijana. Akakaa getini juu ya kasha, na mkono ule unawaka, akakataa kwenda hospitali. Niliingia pale wafanyakazi wanafunga madirisha. Bwana stoo akafungua boneti, akaweka kiganja mbele ya rejeta, akaona upepo unavutwa ndani. Tenda tumepata, Mama. Msimu mzima.

Sasa nakuungamia lile ambalo Felisita ataligeuza. Kutoka kinuni nilimpeleka hospitali, na alipanda mbele, kiti cha kando yangu. Tulipita sokoni wote wawili, watu wanatutazama. Nilimshika mkono kumshusha, na nilimshika tena kumpandisha. Na haikuwa siku ile tu. Ijumaa tulileta samaki tena, amekaa mbele. Tumekula sahani moja. Najua ulivyonifundisha, na najua baba atanyamaza siku nzima akisikia. Wazee wakisema nitoe mbuzi, nitatoa mbuzi, wale, wanawe mikono. Lakini kurudi porini kumpisha mtu aliyeungua kwa ajili ya macho yangu, sirudi. Wala kumpandisha nyuma juani sitampandisha tena. Nimeamua, na Jenipha ameamua pamoja nami. Nichukie kidogo kama ni lazima, kisha uniandikie.

Wasalimie wote nyumbani: baba, dada Nyamizi na watoto wake, na mzee Shigela jirani, mwambie redio yake nimeshaitengeneza. Jenipha anakusalimu sana, na Nkinda anakung'ata kwa mbali.

Mama mkwe naye anakusalimu, na kukuuliza hali ya mguu. Hakumtuma mtu kuniambia hivyo. Amekaa hapa mezani ninapoandika, mkono umefungwa bandeji, na ameniambia nisifunge bahasha kabla sijamsomea yote.

Nimemsomea.

Mwanao akupendaye,
Joakim