Ruhusa ya Kucheka

Mwanangu mpendwa,

Uniwie radhi kwa kimya changu kirefu. Binti yako hajambo. Jino la mbele limeng'oka, na viatu anavaa mwenyewe. Majirani humsifu kwa adabu, nami nilikuwa nikivimba kichwa.

Jana fundi cherehani alikuja kumpima sare ya shule. Utepe ukamtekenya kwapani. Mtoto akajikaza, akanitazama: "Babu, naomba ruhusa nicheke."

"Mzee," fundi akaangua kicheko, "hapa nyumbani au kambini?"

Nikamwambia mtoto acheke. Hakuweza tena.

Uliponiomba umchukue, nilikujibu kwamba kwako atakosa malezi. Leo naona haya kuyakumbuka maneno hayo. Nimemuuliza anapenda kuishi wapi, akajibu, "Popote utakapotaka wewe, Babu."

Nikishaamua, nitakuandikia.

Baba yako