Nilimwahidi Sala za Alfajiri, Kumbe Nakoroma

Bi Najiat, shikamoo. Naomba unisaidie haraka kwa sababu leo ni Jumanne na Jumapili naadhirika. Mimi ni katekista wa kigango huku upande wa Tura, mwaka wa kumi na tisa sasa, padre anakuja mara moja kwa mwezi na Jumapili nyingine zote ibada naongoza mimi, nazika mimi, watoto wa komunyo nafundisha mimi, na watu wananisifia kwamba nikianza kusali hata mtoto anayelia ananyamaza. Sasa mwezi wa tano mama mmoja wa jumuiya yetu, nimwite Imakulata, alikuwa anakwenda Tabora kufanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni, nikamsindikiza stesheni, treni ikapiga honi, akanishika mkono pale dirishani, akasema, "Katekista, niombee," na mimi badala ya kusema sawa mama nikajikuta nasema, "Kila siku saa kumi na moja alfajiri nitakuwa nimepiga magoti kwa ajili yako." Hiyo saa sijui niliitoa wapi, Bi Najiat, ilitoka tu, na ilisikika vizuri.

Sikuamka hata siku moja. Sisemi nilisahau, siku ya kwanza niliweka alamu kwenye simu nikaizima, ya pili nikaizima, ya tatu sikuiweka kabisa, nikajiambia mbona nasali na watu kutwa nzima, misibani, kwenye jumuiya, kwa wagonjwa, kuna haja gani tena ya kusali peke yangu, na ukitaka niseme ukweli wote, ni kama miaka mitatu sijasali peke yangu hata Baba Yetu moja.

Mama amerudi juzi, mzima, kanawiri, kaja nyumbani na kidumu cha asali cha lita tano, anasema kila alfajiri kule wodini alikuwa anaamka saa kumi na moja ili asali wakati mmoja na mimi, na kwamba siku ya upasuaji hofu ilimwisha kwa kuwa alijua tuko wawili. Jumapili anataka kusimama mbele ya waamini wote atoe ushuhuda wa sala zangu, na ameshaanza kuwasimulia watu, wengine saba wamekuja kuomba niwaingize kwenye hiyo saa yangu. Mke wangu Levina alikuwa pembeni anachambua mchicha, akainua kichwa akasema, "Saa kumi na moja? Huyu huyu?" Bahati nzuri mama alikuwa anacheka, hakusikia. Alipoondoka mke wangu akaniambia, "Wewe Mungu unamsalimia mbele za watu tu," na tangu hapo hajaongea nami vizuri na asali kakataa hata kuionja.

Nikisema ukweli naogopa imani ya yule mama itavunjika, nikinyamaza nitasimamaje pale mbele? Au nianze kuamka sasa hivi ili usiwe uongo tena? Ni mimi Wilbroad, siyo jina langu.

BI NAJIAT ANAJIBU

Marahaba, Wilbroad siyo jina lako. Umenichekesha, halafu umeniudhi, halafu umenitia huruma, yote kwa barua moja.

Umewaruka mapadre na masista wote wa Tabora ukaja kumuuliza mwanamke wa Kiislamu. Najua kwa nini: mimi hutanikuta kanisani. Haya, karibu. Hiyo saa kumi na moja unayoitaja naijua, niko macho nimeshatia udhu, na nakuambia kitanda kinamvuta kila mtu, hata mimi mwenye miaka sitini na nne. Tena pole, kuzika wanakijiji miaka kumi na tisa siyo mchezo. Lakini baba yangu, utawapakulia nini watu, ikiwa chungu chako mwenyewe hujakibandika motoni miaka mitatu?

Sasa hilo la imani ya mama kuvunjika, hebu niondolee! Unaogopa imani yake au jina lako? Soma tena barua yako. Aliyeamka nani? Aliyesali nani? Imani ya Imakulata hukuibeba wewe mgongoni, ilikuwa inatembea kwa miguu yake kule wodini, nawe Jumapili unataka kumnyang'anya mbele za watu. Hilo ndilo baya kuliko usingizi wako.

Na kuanza kuamka sasa ili uongo ugeuke kweli, hapana. Mgonjwa ameshapona, utamwombea nini, arudi wodini? Amka kwa ajili yako mwenyewe, na saa usimtajie mtu. Kabla hujaongoza sala ya yeyote, uwe umeshasali yako, mlango umefungwa, hata Levina asisikie. Wale saba waambie huna saa maalumu. Mtu akikuomba sala, salini hapo hapo mlipokutana, njiani, sokoni, dakika moja inatosha, ndipo umwache aende zake. Padre akija umweleze, mambo yenu ya kitubio mimi siyajui.

Lakini yote hayo baadaye. Kesho asubuhi, kabla ya shamba, chukua kidumu cha asali, mwombe Levina akusindikize, nendeni kwa Imakulata. Usitume ujumbe wa simu, nakujua. Ukifika usihubiri. Mwambie, "Mama, sikuamka hata siku moja. Ulikuwa peke yako, na Mungu alikusikia wewe." Halafu nyamaza. Akikufokea, vumilia. Akilia, kaa naye. Na akisema msali pamoja, piga magoti, umwache yeye aongoze.