Mrehani wa Mama na Samadi Mbichi

Jumanne, 4 Novemba
Wewe Barwaqo, siku tisa hujagusa daftari. Ulikuwa wapi? Mwalimu wa ngumbaro alisema kila siku, hata mstari mmoja. Umesubiri uzee ndio ujue herufi, halafu unaringa.

Haya. Nimemwagilia mrehani kwa maji ya udhu. Nimechuma majani yake matatu ya kutia kwenye chai. Nyumba yote inanukia. Ni mrehani wa marehemu mama. Dada yangu Dahabo alinipa tawi, na wake kule Takaba ukakauka, akasema ni ukame. Umebaki huu tu. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja Garissa kuchukua tawi. Nina furaha kama msichana.

Jumatano, 5 Novemba
Nimeupa samadi ya mbuzi, karai zima, mbichi kutoka zizini. Dahabo aukute umenona.

Jumamosi, 8 Novemba
Majani manjano. Kingo zimeungua. Mimi ndiye niliyeuchoma. Ngamia akiugua namchoma kwa chuma cha moto, anapona. Mti nitauchoma wapi tena?

Jirani Habiba kachungulia uani. "Ayeyo, bibi yangu, samadi huachwa ikauke. Umeulisha kama mbuzi aliyezaa."

Nimemfukuza. Kisha nimemwita arudi anisaidie.

Jumapili, 9 Novemba
Tumezoa samadi yote kwa mikono. Ndoo sita za maji, polepole, mpaka mizizi ioshwe. Kivuli cha mkeka. Maji ya mkokoteni yameisha. Sikuoga.

Jumatano, 12 Novemba
Vijiti vitupu. Dahabo kapiga simu, nimesema mti mzima. Uongo. Mungu anisamehe. Nimelia, nikakasirika kwamba nalia.

Ijumaa, 14 Novemba
Chipukizi! Moja kwenye kifundo, nyingine chini yake. Nimeigusa, kidole kinanukia mama. Nimecheka peke yangu. Mbuzi wamenishangaa.

Jumamosi, 15 Novemba
Dahabo kafika, vumbi mpaka kwenye kope.

"Barwaqo, mti umeunyoa?"

Nimemwambia yote. Kavitazama vijiti. Kisha kacheka mpaka kakaa chini. Kumbe wake haukufa kwa ukame. Aliupa samadi ya ngamia, mbichi, gunia zima. Mwaka wote kaona haya kuniambia. Wazee wawili wafugaji, mti wa mama tumeuchoma kwa mapenzi. Mbavu zinauma.

Jumatatu, 17 Novemba
Dahabo kaondoka baada ya alfajiri. Vijiti viwili ndani ya kitambaa chenye maji, kavikumbatia kifuani. Uani kimya. Chipukizi tano.

Ukirudi kwenye daftari hili, Barwaqo, nenda kwanza ukauguse mti. Kalamu baadaye.