Yaya Riziki, Aliyekana Kosa ni Wewe

Yaya Riziki,

Sheria imefutwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiuliza hadi siku zako za mwisho pale Bwaise, presha imekulaza, midomo imekauka: kesi imefika wapi? Imefika mwisho, Yaya. Majaji wamesema kutembea mjini na vitenge begani si uzururaji, na mtu asikamatwe tena kwa kuonekana tu hana kazi. Juzi nimepita mbele ya askari wawili na mzigo wangu, wakaniangalia kama wanavyomwangalia mtu yeyote. Ilipasa nifurahi. Badala yake nina hasira mpaka chakula hakipiti, na wa kumwambia ni wewe tu, niliyekuita Yaya, dada yangu mkubwa usiye wa tumbo moja nami.

Wamefanya sherehe. Hoteli ya mazulia, keki imechorwa mizani juu, na kila mtu amekuja na ushindi wake mfukoni. Yule mheshimiwa aliyekuwa akituita uchafu wa jiji redioni alishika kipaza sauti akasema alikuwa nasi tangu mwanzo. Mwanzo upi? Mchungaji akasema ni mfungo wake uliofungua mlango. Wafadhili wakashukuriwa, na dereva wa wafadhili akashukuriwa. Wakili wetu akapewa ngao ya kioo. Huyo simnyimi haki yake, alihangaika na kesi miaka mitatu akivaa viatu vilevile. Lakini naye akasema, "Siku tulipoamua kuipinga sheria hii..." Tulipoamua! Siku ile ya kuamua yeye hata hakuwa anatujua.

Mimi nilikuwepo. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja kwenye selo ya mahakama, vitenge vyetu vimerundikwa kona kama nguo za wizi. Unakumbuka tulivyokuwa tukiwafundisha wageni wa kazi hii ya kutembeza vitenge? Wewe ulinifundisha kukunja kitenge ili ua zuri litokee nje, na kutosimama sehemu moja muda mrefu. Na wote tulifundishana hili la mahakamani: sema ndiyo. Ukisema ndiyo, hakimu anakuonya, jioni unapika kwako. Ukisema hapana, unangojea kesi yako gerezani Luzira. Tulilitoa somo hilo kwa huruma kabisa, kama mtu anavyompa mwenzake maji. Hakuna aliyejua kwamba kila ndiyo yetu ilikuwa inaipa ile sheria nguvu ya mwaka mwingine. Wakili ndiye aliyetueleza baadaye: aliyekubali kosa kwa mdomo wake hana la kwenda kulalamikia mahakama ya juu. Ilihitajika hapana moja.

Tukaitwa. Wa kwanza ndiyo, wa pili ndiyo. Mimi ndiyo, tena haraka, kabla hata mkalimani hajamaliza. Halafu wewe. "Miye siko muzururaji. Niko natafuta chakula ya batoto." Mkalimani akacheka. Hakimu akauliza tena, ukarudia vilevile, kwa sauti ileile ya kumkatalia mteja anayetaka bei ya bure. Nami nikakuvuta gauni kwa nyuma, nikakunong'oneza: Yaya, sema ndiyo, usijifanye. Hukugeuka. Wiki tano ukala posho na maharagwe Luzira, na Neema wako akalala kwangu akiuliza mama atarudi lini. Kesi nzima waliyoishangilia pale hotelini ilitoka kwenye zile wiki tano. Hakuna aliyelitaja jina lako. Hata kwa bahati mbaya!

Sasa nikwambie lile linaloninyima chakula.

Walitaka mama mmoja wa kupiga naye picha. Msichana mwenye orodha akaja kwenye meza yetu ya nyuma akauliza nani alikamatwa na lile kundi la kwanza. Nikainua mkono. Akanishika kiwiko: "Nyabo, mama, kuja hapa mbele, usiogope, ni picha tu." Nikapanda jukwaani na ndala zangu. Mshereheshaji akaniinua mkono juu akapaza sauti: "Huyu ndiyo mama alikataa!" Ukumbi mzima ukasimama. Makofi, Yaya. Vigelegele. Mheshimiwa naye amesimama ananipigia makofi. Nikafungua mdomo ili niseme siyo mimi, mwenyewe ni Riziki, amelala makaburini, mwiteni kwa jina lake. Nikasema, "Asante."

Asante! Nimewakasirikia wote wale, wakili, mheshimiwa, mchungaji na mizani yao ya sukari, lakini wao angalau walichukua vipande. Mimi nimekuchukua mzima. Nikapewa cheti chenye fremu. Nikakibeba mpaka nyumbani.

Picha ikaenea kwenye simu. Neema akaiona. Amekuwa mrefu, ungemwona, anaingia mlangoni ameinama kidogo, na paji la uso ni lako. Akakaa karibu nami, akainyoosha simu, akauliza bila ukali wowote: "Mama mudogo, si ni mama njo alikatalaka?" Nikamwambia wamekosea. Akasema sawa. Akaenda kuosha vyombo. Afadhali angenipigia kelele.

Maana kuna jambo Neema halijui. Anajua mama yake alikana kosa. Hajui kwamba mimi nilikubali, wala kwamba nilikuvuta gauni ukubali na wewe, wala kwamba nilitoka mahakamani na wale tisa bila kukupungia hata mkono kwa kuogopa wasiniunganishe nawe. Miaka yote hii anadhani mama yake mdogo alisimama upande wa mama yake.

Kwa hiyo Jumatatu nakwenda ofisini kwa hao walioandaa sherehe na hicho cheti, na Neema nakwenda naye. Nitawataka waiondoe picha yangu kwenye karatasi zao, waandike jina lako, Riziki, mama wa Neema, wa Bwaise. Wakiniambia karatasi zimeshachapwa, nitakaa kwenye kiti chao mpaka wachape nyingine. Na kwa kuwa wataniuliza nimejuaje yote haya, nitawaeleza nilikuwa nimesimama wapi siku ile, na kinywa changu kilisema nini, na mkono wangu ulikuwa umeshika nini. Nitayasema polepole ili mwanao asikie kila neno.

Akiniacha baada ya hapo, sitamlaumu. Pumzika, Yaya.

Mdogo wako,
Esperance