Spika ya Pili Nyumbani kwa Mama

Ndiyo, kifunge tu hicho kidude cha pili cha intaneti, mjukuu wangu, mume mwenzangu, chumba cha nyuma nacho kipate mtandao. Bibi yako hajambo, anasema kwenye picha umekonda. Hapa Kanoni kahawa imechanua.

Mimi nilianza mambo hayo miaka michache baada ya vita. Mama yangu, mjane, alikaa nyumba ya nyuma. Nilivuta waya kutoka kwenye redio yangu, ukapita migombani mpaka kwake, nikamfungia spika ya pili asikie matangazo. Wakaniita injinia, na darasa la nne langu!

Mchana mmoja betri zilikwisha, nikazitoa nikazianika juani. Mara redio tupu ikanong'ona. Nikaweka sikio, nikasikia sauti ya mama: "Nakuja, nisubiri."

Bibi yako akasema, "Haina betri hiyo! Ni mizimu, usiitikie!"

Nilikimbia kwa mama huku nacheka kwa woga. Mama alikuwa ameanguka, mdomo umegusa spika, mwili umekuwa baridi. Tukambeba kwa machela mpaka zahanati, akapona.

Baadaye fundi alinieleza kwamba spika mbili zikiungwa kwa waya hupitisha sauti kidogo hata bila betri. Nikafurahi, nikamwambia mama, "Kumbe ulikuwa unaniita."

"Wewe? Nilikuwa namjibu marehemu baba yako. Aliongea humo tangu asubuhi."

Basi tupatane. Umeme ukikatika na kidude chako kikaniulizia, sema sipo. Mimi nakutumia gunia la maharage.

Babu yako